Zamu ya Kumlinda Mabruki

Siku Mabruki alipotamka mbele ya sinia la wali kwamba bora afe apumzike, mama yake alikuwa ameshika tonge, na tonge lile halikufika kinywani. Bi Najiat alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwenye nyumba ya vyumba vinne mtaa wa Gongoni mjini Tabora, na mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Alilirudisha tonge kwenye sinia, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe Nyamizi, kisha akatoa amri kwamba kuanzia saa ile Mabruki asiachwe peke yake hata dakika moja, hata akienda chooni.

"Hata chooni, mama?" aliuliza Mabruki.

"Hata chooni. Mtu atasimama nje, nawe utakuwa unakohoa tujue upo." Akafikiri kidogo. "Hapana, usikohoe. Majirani watasikia, watasema tuna ule ugonjwa. Utakuwa unaimba."

Basi mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mwenye mke na mtoto wa darasa la kwanza, akaanza kuimba chooni.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2021. Ugonjwa ulikuwa umeingia nchini, ukatangazwa, ukaombewa, kisha ukatangazwa tena kwamba umeondoka, ila wenyewe ulikuwa haujalisikia tangazo. Watu walijifukiza majani ya mkaratusi chini ya mablanketi, wakanywa tangawizi na malimau mpaka midomo ikachubuka, na wakaendelea kuzika. Vifo vya kipindi kile vilikuwa na adabu, havikutajwa kwa majina yao. Aliyekufa kwa kukosa pumzi aliitwa wa nimonia. Aliyekufa kwa kukosa hamu ya kuishi aliitwa wa homa ya ghafla. Mwezi Novemba mtaa ulikuwa umemzika Issa, mhudumu wa hoteli aliyepunguzwa kazini, kwa homa ya ghafla. Kila mtu alijua ilivyokuwa, na kila mtu aliuliza matangani kama marehemu alimaliza dozi ya malaria.

Bi Najiat alikuwa miongoni mwa waliouliza. Ndiyo maana maneno ya mwanawe yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

Mabruki alikuwa mtembeza wageni. Kwa miaka kumi na miwili aliwachukua Wazungu mjini, akawapeleka Kwihara kwenye lile tembe alimokaa Livingstone akingoja wapagazi, akawasimulia habari za njia ya misafara kwa namna ambayo ungedhani yeye mwenyewe alibeba pembe begani kutoka Ujiji. Wageni wenyewe hawakuwa wengi hata dunia ilipokuwa nzima. Ndege ziliposimama hawakuja kabisa. Mwanzoni Mabruki alisema ni mambo ya miezi miwili. Mwezi wa sita akaacha kupiga pasi mashati yake. Mwezi wa kumi akaacha kutoka nje. Na sasa, kwenye sinia, akasema aliyoyasema.

Mtaani palikuwa na watu waliomshauri Bi Najiat ampeleke kijana polisi wakamtishe, kwa kuwa sheria inamfunga anayejaribu kujiua. Bi Najiat aliwajibu kwamba haoni faida ya kumfunga mtu aliyekwisha kuchoka na chumba kimoja katika chumba kingine kidogo zaidi.

Yeye alikuwa na mpango wake. Aliandika zamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Asubuhi alinde yeye. Mchana alinde Nyamizi, huku akishona. Jioni alinde Mzee Awadhi, shemeji yake, ambaye aliitwa kwa simu akaja na treni kutoka Igalula, amebeba mswaki na hamu kubwa ya kula. Bi Najiat akakusanya kila alichokiona cha hatari, akakifungia kabatini: kikata kucha, kifungulia chupa, miwani ya marehemu mumewe, na uma zote za nyumba, ambazo hazikuwahi kutumika tangu ziletwe kama zawadi ya arusi.

Kisha akaamuru mgonjwa alishwe. Asubuhi Mabruki alipata supu ya kongoro, mchana kuku, jioni chipsi mayai. Ndugu walikuja mmoja mmoja kumfariji, na mfariji naye hakuachwa aondoke na njaa. Walikaa barazani wakamweleza thamani ya uhai mpaka mafuta yakawaganda vidoleni. Mzee Awadhi ndiye aliyefariji kuliko wote. Alikuwa amekuja kwa siku tatu; wiki ya pili alikuwa bado anafariji.

Mabruki alianza kuchangamka. Alianza pia kunenepa, na mashati yakambana. Bi Najiat akamwambia mkewe ayaachie mishono.

"Sawa, mama," alisema Nyamizi.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alikuwa binti wa wakulima wa Puge, ameolewa pale miaka tisa, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito. Shule zilipofungwa alikuwa na sare za watoto ambazo wazazi hawakuzifuata. Zilipohitajika barakoa alishona barakoa mia nne. Alipomaliza, nchi nzima ikazivua, na zile barakoa Bi Najiat akazijaza kwenye mito ya viti. Nyamizi alisema sawa. Sasa alikuwa akipika mara tano kwa siku, akichota maji, akishona sare za Januari, akimsikiliza mumewe mchana kutwa, na kusimama nje ya choo akihesabu beti.

Nyumba nzima ilikuwa ikimtazama Mabruki, na Nyamizi alikuwa upande wa wanaotazama, si wa anayetazamwa.

* * *

Jumanne ya wiki ya tatu ya zamu, simu ya Nyamizi ililia akiwa anakaanga mayai. Alikuwa ni kaka yake, Limbu, kutoka Puge. Mama yao alikuwa ameugua siku sita, kifua kimembana, na asubuhi ile alikuwa amefariki. Nyamizi aliepua kikaango kwanza. Kisha akakaa sakafuni na kufungua mdomo.

Bi Najiat alikuwa wa kwanza kufika jikoni. Aliposikia ni nini, alipiga magoti kwa shida, akamkumbatia mkwewe, na kwa mkono mwingine akamziba mdomo. Alimziba kwa upole kabisa, kwa kiganja kizima.

"Pole, Mama Maua. Pole sana, mwanangu. Lakini usilie hapa. Mabruki asikusikie. Akisikia habari ya kifo sasa hivi, tutampoteza."

Nyamizi alimtazama juu ya kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na kiganja kikaondolewa.

"Sawa, mama."

Suala la kwenda kuzika lilijadiliwa nyuma ya nyumba na Bi Najiat pamoja na Mzee Awadhi, ambaye alikuwa ameona kuwa mayai yamechelewa. Walikubaliana kwamba Puge si mbali, gari lipo kila saa, na kwenda kumzika mama ni haki ya kila mtu. Walikubaliana vilevile kwamba zamu ya mchana haina mtu mwingine, kwamba jiko haliwezi kulala, na kwamba huko Puge hewa haijulikani ikoje siku hizi. Mzee Awadhi alisema maiti hasikitiki, anayesikitika ni aliye hai, kwa hiyo aliye hai ndiye wa kuangaliwa. Alimaanisha Mabruki. Bi Najiat akatuma rambirambi kwa simu, akampa Nyamizi kanga mpya, na akamruhusu alie anapokwenda dukani, mradi arudi amenawa uso.

Mabruki hakuambiwa. Alipomuuliza mkewe mbona macho yamemwiva, Nyamizi alisema ni vitunguu. Siku ya pili alisema ni moshi. Siku ya tatu Mabruki hakuuliza tena.

* * *

Baada ya hapo, Bi Najiat aliona mkwewe anabadilika, na akafurahi. Nyamizi alikuwa ametulia mno. Aliamka kabla ya kila mtu na kulala baada ya kila mtu, ikiwa alilala. Alikula kidogo, jambo ambalo katika nyumba yenye wafariji wengi lilikuwa msaada. Alimaliza nguo zote za wateja, akazikunja, akaziandikia majina, na hakupokea kitambaa kingine. Alimpa jirani yake Julieth pasi yake ya mkaa, akisema haina kazi kubwa. Alimletea Bi Najiat doti mbili za kanga alizoolewa nazo, ambazo alikuwa hajazivaa, akamwambia zinamfaa yeye zaidi. Alitia kidani chake kidogo cha fedha ndani ya kopo, akaandika juu yake jina la mtoto wake Maua, akaliweka juu ya kabati.

Tena alimshonea Maua sare. Hakushona moja wala mbili. Alishona sketi saba za bluu na mashati saba meupe, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, kuanzia ya darasa la kwanza hadi ya darasa la saba, akazipanga sandukuni kwa utaratibu, ya mwisho ikiwa chini.

Bi Najiat alilifungua lile sanduku akalisifu. Aliwaambia wanawake wenzake wa darasa la dini la kila Alhamisi kwamba binti wa watu ameiva, kwamba wasichana wa siku hizi wanashona vazi la sikukuu ya kesho, lakini mkwe wake amepanga miaka saba mbele. Wenzake wakamwambia ana bahati. Alikubali kwamba ana bahati.

* * *

Mwishoni mwa Februari, saa nne asubuhi, alibisha hodi kijana mmoja mwembamba mwenye kishikwambi kifuani. Alisema anaitwa Sixbert, anatoka chuoni, na anafanya utafiti kuhusu hali ya kaya katika kipindi cha janga.

"Janga lipi?" aliuliza Bi Najiat. "Tumeambiwa halipo."

Sixbert alisema katika karatasi ya kibali limeandikwa changamoto. Bi Najiat akasema changamoto zipo, akamkaribisha. Kijana alipoketi alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba wanataka kujua kama magonjwa ya namna hii yanaongeza watu wanaojiua. Alikuwa ametoka kwa mtendaji wa mtaa, Bwana Masanja, ambaye alimpa jibu la maandishi: sifuri. Bwana Masanja aliongeza kwa mdomo kwamba katika mtaa wake hakuna aliyejiua wala aliyeleta taarifa ya kutaka kujiua, na kwamba atakayeleta ataandikiwa barua ya kukataliwa.

Mabruki aliposikia kuna utafiti, alitoka chumbani amechana nywele. Alikuwa hajapata mgeni kwa miezi kumi na moja. Alimweka Sixbert kwenye kiti kizuri, akamtembeza ndani ya huzuni yake kama alivyozoea kuwatembeza watu kule Kwihara, kituo kwa kituo. Hapa ndipo alipopokea ujumbe wa safari ya kwanza kufutwa. Pale, kwenye kona, ndipo alipokaa siku tatu bila kuoga. Alinyamaza mahali pa kunyamaza. Alishusha sauti mahali pa kushusha. Saa nzima ilipita, na Sixbert aliandika mpaka chaji ikapungua nusu.

Nyamizi aliwaletea maji kwa sinia. Sixbert akauliza kama angeweza kumuuliza na yeye mawili matatu, ingawa fomu ilimtaka mkuu wa kaya tu.

"Huyu hana tatizo," alisema Bi Najiat. "Huyu ndiye anayetushikilia wote."

Nyamizi alitabasamu, akaokota glasi tupu, akaondoka. Baada ya muda kidogo alipita akiwa amejifunga kanga, akasema anakwenda kununua vifungo. Aliinama mbele ya Bi Najiat kwa namna ambayo wasichana wa siku hizi hawainami tena, akamshika mkono akaubusu, akatoka.

Bi Najiat aliguswa. Alimgeukia Sixbert akamwambia aandike na hilo.

Kijana alikuwa akifunga begi. Kama mtu anayetoa zawadi ndogo ya kuagia, alisema mambo waliyofundishwa. Alisema katika sehemu nyingi zilizopimwa, ugonjwa ulipoanza tu watu hawakujiua zaidi kuliko zamani. Pengine hata walipungua, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemshika mwenzake mkono. Wasiwasi wa walimu wake ulikuwa juu ya baadaye, kelele zikipoa na kila mmoja akirudi kwenye chumba chake na hasara yake. Alisema anayetamka kwamba anataka kufa asikilizwe kila mara, wamefanya vizuri sana kumsikiliza Mabruki. Ila wapo wasiotamka. Hao mtu huwajua kwa vitendo. Hawalali. Hawali. Wanamaliza shughuli zao kama wanaosafiri. Wanagawa vitu vyao. Wanaaga bila kusema wanaaga.

Bi Najiat alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyotikisa mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Kisha kichwa kikasimama.

"Mwanangu," alisema, "na mtu akimshonea mtoto sare mpaka za darasa la saba, hiyo imo kwenye kishikwambi chako?"

Sixbert alimtazama. Akamtazama Mabruki, akautazama mlango.

"Haimo, bibi," alisema. "Nenda ukamtafute sasa hivi."

* * *

Bi Najiat alitoka na viatu viwili visivyofanana. Magoti yake, ambayo kwa miaka sita yalikuwa hayakubali ngazi mbili, siku ile yalikubali kila kitu. Duka la vifungo hakumkuta. Muuza duka alisema amemwona Mama Maua akipita bila kugeuka, ameelekea njia ya stendi, na hakuwa amebeba kitu. Bi Najiat hakuwa amepanda pikipiki maishani mwake, na mara nyingi alikuwa amewasema wanawake wanaopanda. Alimsimamisha wa kwanza aliyetokea, akakaa upande, akamkumbatia dereva kiunoni mbele ya mji mzima, akamwambia aende.

Alimkuta stendi, upande wa magari ya Nzega. Nyamizi alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha kibanda kilichofungwa, mikono tupu imelala mapajani. Magari mawili yalikuwa yamejaa na kuondoka mbele yake. Hakuwa na tiketi. Baadaye alikuja kusema kwamba hata yeye hakujua kama alikuwa amekwenda pale ili apande gari au asipande. Alitaka tu kukaa mahali ambapo njia ya kwenda kwa mama yake inaanzia, kisha mengine yafuate.

Bi Najiat akaketi kando yake akihema. Njiani alikuwa ameandaa maneno mengi: habari za dhambi, habari za mtoto, habari za aibu kwa ukoo. Alikuwa fundi wa maneno hayo, aliwahi kuyatoa kwenye nyumba za watu. Sasa aliyatafuta akayakuta yote ni ya kumziba mtu mdomo.

"Nyamizi," alisema. "Unataka kufa?"

Mpiga debe alipita akiita Nzega, Nzega, Kahama. Nyamizi hakushtuka. Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kipimo cha nguo.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu ile siku ya mayai nadhani. Au kabla. Nimechoka, mama. Usiku nahesabu mabati. Nilidhani mkiwa mnamtazama Mabruki, mimi nitapita tu bila kusumbua mtu."

Bi Najiat aliutazama ule mkono wake uliobusiwa asubuhi. Alitaka kusema nisamehe, lakini lilikuwa neno ambalo hakulizoea, likakwama njiani. Badala yake alisema: "Mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Nilikuziba kwa mkono huu." Akauonyesha, kana kwamba kuna watu wangebisha. "Lia sasa. Hapa hapa."

Nyamizi alisema watu wanaona.

"Waone," alisema Bi Najiat. "Wamenikuta nimemkumbatia mwanamume juu ya pikipiki. Hawana jipya la kuona."

Nyamizi akalia. Alilia kwa sauti ya kwao, ile ndefu inayoanzia tumboni, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi, na mpiga debe akanyamaza, akavua kofia. Alipotulia kidogo, Bi Najiat alipiga simu nyumbani. Mabruki alipokea akitaka kujua chakula cha mchana kinaandaliwa na nani.

"Sikiliza, Mabruki. Mama mkwe wako amefariki, wiki ya tano hii. Mimi ndiye niliyekuficha, na mkeo nimemnyima msiba wake, na sasa yeye ndiye mgonjwa. Tunakwenda Puge. Maua akitoka shule umpokee. Upike."

Mabruki akauliza, kwa sauti ambayo mama yake alikuwa hajaisikia tangu ndege zilipokuwa zikiruka, kama Nyamizi yupo karibu, na kama anaweza kupewa simu. Bi Najiat akampa. Hakusikiliza walichosema, jambo ambalo nalo halikuwa kawaida yake.

* * *

Puge walifika alasiri. Msiba ulikuwa umeanuliwa zamani, lakini Limbu alitandika mikeka upya, na wanawake wa jirani walipomwona Nyamizi anashuka kwenye gari walikuja wakaanza kilio kana kwamba mama amekufa leo. Walimpeleka kaburini. Bi Najiat alibaki nyuma hatua chache, na viatu vyake viwili visivyofanana.

Jioni wanawake walimsema. Walimsema kwa Kinyamwezi, wakidhani mwanamke wa mjini hakijui. Alikijua vya kutosha. Walisema kuna nyumba huko mjini ambako mtu hukatazwa kumzika mama yake ili mwanamume amalize kula mayai. Walisema labda huko mayai yanataga watu. Bi Najiat alikaa mkekani akamenya viazi, akayapokea yote, na walipokosa maji alisimama akachukua ndoo. Walikaa siku nne. Kila Nyamizi alipoinuka, Bi Najiat aliinuka. Alilala mlangoni mwa chumba chake, na hakumwambia aimbe. Alimuuliza kila asubuhi ameamkaje, kisha akangoja jibu, na kungoja ndiko kulikomshinda zaidi mwanzoni.

Waliporudi walikuta sufuria mbili zimeungua, Mzee Awadhi ameondoka, kwa kuwa mpishi mpya hakumridhisha, na Maua amesukwa nywele na baba yake kwa namna ambayo mwalimu alimpeleka mtoto ofisini kuuliza kama nyumbani kuna msiba. Mabruki alikuwa amekonda kidogo. Alimwambia mkewe, mama yake akisikia, kwamba siku ile ya sinia alisema kweli. Alikuwa ametaka kufa, hakuwa akicheza. Kilichomrudisha hakikuwa kuku. Ni kwamba kila alipofumbua macho palikuwa na mtu ameketi.

"Na aliyeketi mara nyingi ni wewe," alisema. "Nikakuzoea kama kiti."

Nyamizi alitoka nje akaangalia nywele za mtoto.

* * *

Sixbert alikuwa amewaachia jina la kliniki ya afya ya akili, iliyokuwa hospitalini siku za Jumatano. Walikwenda wawili, Nyamizi na Bi Najiat. Kwenye benchi walikuta wanawake kumi na wanaume watatu, wote wametazama ukutani, na kila aliyesalimiwa alieleza bila kuulizwa kwamba amekuja kwa ajili ya presha. Bi Najiat aliwatambua wanne wa darasa lake la Alhamisi. Mmoja wao alimuuliza na wao wamekuja kwa ajili gani.

"Mkwe wangu amefiwa na mama yake, na alitaka kufa," alijibu Bi Najiat. "Tumekuja atibiwe."

Yule mwanamke akasogea kuwapa nafasi, ijapokuwa nafasi ilikuwepo.

Muuguzi aliitwa Leonia, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alizungumza na Nyamizi peke yake kwa muda mrefu. Alimpa dawa za kumsaidia, akamwandikia arudi kila baada ya wiki mbili, akamwandikia namba ya simu ya kupiga saa yoyote, kisha akamwita Bi Najiat ndani ili ajue la kufanya nyumbani. Alimweleza kwamba njia bado ni ndefu, kwamba zitakuja siku nzuri na siku mbaya, na kwamba siku mbaya isimtishe mtu, ila isiachwe peke yake. Bi Najiat alisikiliza yote, akauliza maswali mawili ya maana, akajifunga kanga kuondoka.

"Na wewe, mama," alisema Leonia, akigeuza ukurasa mpya. "Unalalaje?"

Bi Najiat alijibu kwamba analala salama, alhamdulillahi. Muuguzi hakuandika. Alikaa tu akimtazama, kalamu mkononi, kana kwamba hana mtu mwingine wa kumuona siku ile.

Bi Najiat alikasirika kidogo. Alisema yeye hakuja kwa ajili yake. Alisema watu wa umri wake hawana habari za kulala. Akatazama mlango, akamtazama Nyamizi aliyekuwa ameketi na karatasi yake ya dawa, na Nyamizi akamsogezea kiti. Bi Najiat akakaa. Akaanza na mwaka aliofiwa na mumewe, mtumishi wa reli, yeye akiwa na watoto wadogo na shamba lisilopaliliwa, na alipoanza alishangaa kuona hajui jinsi ya kumalizia.

Alizungumza hadi saa saba. Nje, foleni ya presha ilikuwa imefika getini, na hakuna aliyekwenda kubisha mlango.